Karo na shimo la nyumba ya zamani Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa miaka ya 1970, katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nyumba nyingi za mwanzo pale zina umri wa mtu mwenye wajukuu, na chini ya ua kuna karo la umri huohuo. Mzee alilijenga kwa ajili yake, mkewe na watoto. Leo ua huohuo una vyumba nane vya wapangaji, kila kimoja na choo chake cha ndani, na bomba zote zinaishia palepale. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa nikiwa nimesimama kando ya mfuniko.

Nitajuaje kama nina karo au nina shimo tu?

Karo, au septiki kama mafundi wengi wanavyoliita, ni sanduku la zege au la tofali zilizopigwa plasta. Lina sakafu na halitakiwi kuvuja. Kinyesi kinazama na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea na kufanya utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimo la kunyonya. Shimo la kunyonya halina sakafu. Tofali zake zimepangwa kwa kuachiana matundu ili maji yaingie ardhini.

Kwa hiyo unatafuta vitu viwili vinavyofuatana. Ukikuta kimoja tu, mara nyingi ni shimo la kunyonya linalopokea kila kitu moja kwa moja kutoka chooni. Nimekutana na nyumba nyingi za namna hiyo, na wenyewe wakiapa kwamba wana septiki. Shimo kama hilo huziba mapema, maana tope linakwenda kukaa kwenye matundu yaliyowekwa kwa ajili ya maji.

Karo letu halijavutwa na gari la majitaka tangu mzee ajenge na halijatusumbua. Si ina maana liko sawa?

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko linalonuka. Bakteria wanapunguza tope, hawalimalizi. Karo la familia likikaa miaka 30 bila kujaa, jua tope limepata njia: ama sakafu au ukuta umepasuka na uchafu unaingia ardhini, ama karo lilishajaa zamani na tope linavuka kwenda shimo la kunyonya kila siku mnapovuta choo. Ukimya wake ni wa muda.

Dalili za kwanza ni zipi?

Choo kinachobubujika mtu akimwaga maji bafuni. Maji yaliyosimama badala ya kupita kwenye chemba, yale masanduku madogo yenye mfuniko kwenye njia ya bomba. Harufu ya usiku na alfajiri, hasa kukiwa hakuna upepo. Majani yaliyonawiri sehemu moja ya ua wakati kwingine kumekauka. Dalili ikionekana kwenye choo kimoja tu na vingine vinapitisha, anza na fundi bomba kabla ya kuita gari, kwa sababu huenda ni pampasi iliyokwama kwenye kiwiko.

Ukaguzi unaanzia wapi?

Unaanzia kwa kuuliza. Nani anaishi hapa, wangapi, lini mlivuta mara ya mwisho, na gari liliondoka na safari ngapi? Halafu nafuata bomba kutoka chooni, chemba hadi chemba, mpaka kwenye karo. Namwomba mtu avute choo huku nikitazama maji yakipita. Yakichelewa kati ya chemba ya pili na ya tatu, tatizo liko hapo.

Kwenye karo lenyewe kitu cha kwanza ni kimo cha maji. Maji yanatakiwa yalingane na ukingo wa chini wa bomba la kutokea, pale linapopenya ukuta. Yakiwa chini ya hapo na karo halijavutwa karibuni, linavuja. Yakiwa juu ya bomba, shimo la kunyonya halipokei tena. Kipimo hicho kimoja hunipa nusu ya jibu.

Kisha natazama tii, ile bomba yenye umbo la T, ya kuingilia na ya kutokea. Ya kuingilia inayaelekeza maji chini yasiuvuruge utando. Ya kutokea inazuia utando usipite. Katika makaro ya zamani ya kutokea mara nyingi imeshaanguka, ikiwa iliwahi kuwekwa. Bila hiyo mafuta ya kupikia yanasafiri mpaka shimo la kunyonya, na kule yakifika hayatoki.

Mwisho ni zege. Gesi inayotoka kwenye maji machafu inageuka asidi juu ya ukuta wenye unyevu, na asidi hiyo inakula saruji sehemu iliyo juu ya maji. Kwenye nyumba moja ya Sinza mama mwenye nyumba aliniambia mfuniko ni imara, gari dogo la mwanawe linalala juu yake. Nikamwomba kwanza gari lisogezwe. Nilipoinua kifuniko kidogo na kumulika kwa tochi, uso wa chini wa zege ulikuwa mweupe, unamomonyoka kama sukari guru, kokoto zimebaki zimejitokeza. Nikachokonoa kwa bisibisi ndefu, ikazama karibu yote. Nondo mbili zilikuwa zimebaki rangi ya kutu, nyembamba kama njiti. "Shikamoo tena mama," nikasema, maana nilikosa pa kuanzia. Akachungulia kwa mbali, akamwita mjukuu wake aliyekuwa anacheza kando akamweka nyuma ya kanga yake, na jioni ile wakazungushia kamba.

Napimaje tope mwenyewe?

Tafuta mti mrefu ulionyooka, ufunge kitambaa cheupe cha zamani kwenye mita moja ya mwisho. Simama pembeni ya tundu, si juu ya zege, uuteremshe taratibu mpaka uguse sakafu, usubiri dakika mbili tatu, uuinue polepole. Tope litaacha weusi kwenye kitambaa. Pima urefu wake. Kwa utando, tumia mti wenye kibao kidogo chini: usukume upenye, kisha uvute juu mpaka uhisi kibao kimegota chini ya utando.

Jumlisha tope na utando. Vikifika theluthi moja ya kina cha maji, vuta. Karo lenye kina cha sentimita 120 linavutwa vikifika 40. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na mti huo usirudi jikoni kukoroga chochote.

Kijana wa kazi yuko tayari kuingia ndani asafishe. Nimruhusu?

Usimruhusu. Hata kama karo limevutwa likaonekana kavu, hata kama anasema ameshaingia mengine kumi.

Ndani kuna haidrojeni salfaidi, ile gesi ya harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani hewa imekuwa nzuri dakika chache kabla ya kuzimia. Kuna methani inayoweza kulipuka, basi sigara na kiberiti vikae mbali. Na oksijeni ni haba. Kukoroga tope kunaachia gesi iliyokuwa imejificha ndani yake, ndiyo maana wa kwanza huanguka baada ya kuanza kazi, si wakati wa kushuka.

Anayefuata kuanguka ni ndugu au rafiki aliyeruka kumwokoa. Habari za aina hii zikitokea mara nyingi maiti ni mbili au tatu. Mtu akianguka, usishuke. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na uwazuie wengine. Kazi ya kuingia ni ya watu wenye kipima gesi, hewa ya kubeba, mkanda na kamba iliyoshikwa juu.

Gari limevuta, baada ya wiki mbili pamejaa tena. Gari limetuibia?

Inawezekana lilivuta maji likaacha tope, hilo hutokea. Lakini mara nyingi gari halina kosa. Karo lililo salama hujaa tena maji ndani ya siku chache, na linatakiwa liwe limejaa. Ndivyo linavyofanya kazi. Swali ni kama maji yanapata pa kwenda. Shimo la kunyonya likifa, umelipia gari kuhamisha maji ambayo ardhi ilipaswa kuyameza bure. Kuna familia zinavuta kila mwezi kwa miaka. Ukijumlisha risiti zao, shimo jipya lingekuwa limeshajengwa zamani.

Kuna jaribio rahisi siku ya gari. Karo likishavutwa, nyamaza usikilize kwenye bomba la kutokea. Ukisikia maji yanarudi kutoka shimo la kunyonya kuingia kwenye karo, umeshapata jibu.

La pili linataka usiku mmoja wa kiangazi. Watu wakilala, saa nne, pima maji ya shimo la kunyonya kutoka ukingoni. Pima tena saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajaoga. Ua mmoja wa wapangaji 12 shimo lilikuwa la mita 1.5 kwa 1.5, na maji yalishuka sentimita 4. Hizo ni lita 90 kwa saa saba, kama lita 310 kwa siku nzima. Watu 12 wakitumia lita 100 kila mmoja wanamwaga 1,200. Shimo lilikuwa linameza robo ya kinachoingia, na hakuna gari linaloweza kurekebisha hesabu hiyo.

Shimo la kunyonya linakufaje?

Kwenye ukuta wa udongo panajengeka ngozi nyeusi, laini kama kamasi, ya bakteria na uchafu mwembamba. Kiasi kidogo ni kawaida na husaidia kuchuja. Tope na mafuta vikizidi ngozi inakuwa nene mpaka maji hayapiti. Mizizi ya miti mikubwa nayo huingia kwenye matundu kufuata maji. Maeneo ya tambarare karibu na bahari, kama sehemu za Mikocheni na Msasani, yana shida nyingine: maji ya ardhini yako juu, na masika yakikolea shimo linajaa kutoka nje hata kama nyumba ni tupu.

Limekufa. Nifanye nini sasa?

Kwanza punguza kinachoingia. Tengeneza choo kinachochuruzika. Flashi inayovuja inaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku bila kelele. Maji ya kufulia na ya bafuni yanaweza kupewa shimo lake dogo, na mabaki ya mafuta ya kukaangia yaingie kwenye taka, si kwenye sinki.

Halafu rudisha tii ya kutokea na uvute tope lote la karo kabla ya kuchimba chochote. Ukichimba shimo jipya mbele ya karo bovu, umelinunulia uchafu makazi mapya.

Ndipo uchimbe la pili, likiwa mbali kidogo na la zamani, na uweke chemba yenye njia mbili ili uweze kufungua upande mmoja na kufunga mwingine. Shimo la zamani likipumzishwa miezi mingi hukauka, ile ngozi huoza, na hurudisha sehemu ya nguvu zake. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo moja refu halisaidii sana. Mtaro mrefu wenye kokoto na bomba lililotobolewa unagusa udongo mwingi zaidi. Pale ambapo maji ya ardhini yako juu, kuchimba kina ni kujichimbia kisima. Huko unahitaji mfumo uliopanda juu, na fundi anayejua anachofanya.

Chumvi, hamira, mafuta ya taa, au zile dawa za kumwaga chooni?

Mafuta ya taa yanaua bakteria na kuchafua ardhi. Magadi makali ya kuzibulia hivyohivyo. Chumvi sijaona ikifanya kazi. Pakiti za bakteria zinaongeza kitu ambacho kila aendaye chooni anakileta bure, na hakuna bakteria wa kuyeyusha pampasi, pedi wala plastiki.

Karo jipya liwe na ukubwa gani?

Hesabu vichwa, usihesabu vyumba. Kwa watu 12: lita 1,200 za siku moja, ili maji yakae walau saa 24 yatulie. Ongeza nafasi ya tope, na lita 40 kwa mtu kwa mwaka ni kadirio linalotumika sana katika usanifu. Kwa kuvuta kila miaka mitatu ni lita 1,440. Jumla 2,640. Karo lenye urefu wa mita 2.4, upana mita 1 na kina cha maji mita 1.2 linabeba 2,880, linatosha. Ligawe vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya urefu, na acha hewa juu ya maji. Kila chumba kipate tundu lake la kufungulia. Makaro mengi ya zamani yana tundu moja, au yamefunikwa na vigae kabisa, na siku ya shida fundi anapasua baraza.

Nivute masika au nisubiri?

Vuta kabla, Januari au Februari. Machi mpaka Mei ardhi imelowa, magari yanagombaniwa, na kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Karo la tofali lisilo na nondo likivutwa likawa tupu wakati maji ya nje yako juu, ukuta unaweza kusukumwa ndani. La plastiki linaweza kuinuka. Ikilazimu kuvuta wakati huo, usilimalize lote.

Jirani anatapisha choo mvua ikinyesha. Nianzie wapi?

Ongea naye kwanza, wengine wanafanya hivyo kwa sababu gari hawalimudu. Asiposikia, nenda kwa mjumbe na serikali ya mtaa, kisha kwa afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa meno. Usione haya kulifuatilia. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia jijini humu, na maji ya mtaroni hayabagui mlango.

Gari haliingii uchochoroni kwetu.

Pima umbali kutoka mahali gari linaposimama, useme mapema. Mipira huunganishwa, ila nguvu ya kuvuta hupungua kadiri mpira unavyorefuka na shimo linavyokuwa na kina. Ipo pampu ya mkono iitwayo Gulper, iliyojaribiwa humu jijini, inayovuta tope zito kutoka juu bila mtu kushuka. Vyura, wale vijana wanaochota kwa ndoo, bado wanaitwa usiku. Siwalaumu, wanatafuta riziki. Nawalaumu wanaowaita huku wakijua tope litafukiwa kwenye shimo jingine palepale uani, na kijana atashuka kifua wazi.

Yeyote utakayemwita, muulize anamwaga wapi. Magari yanatakiwa kupeleka kwenye mabwawa ya kusafishia kama ya Vingunguti. Dereva anayekwepa swali hilo ana mtaro wake anaoujua.

Nina kisima uani. Umbali gani unatosha?

Mita 30 kutoka shimo la kunyonya ni kipimo kinachotajwa sana. Kwenye kiwanja cha Sinza hakipatikani, maana na shimo la jirani linahesabiwa. Kisima cha namna hiyo kiwe cha kufulia na kudekia. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, kemikali inayotokana na mkojo na kinyesi, na maji ya naitreti nyingi ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa.

Nanunua nyumba ya zamani. Nikague nini kabla ya kulipa?

Omba mifuniko yote ifunguliwe mbele yako. Muuzaji akisema haijulikani ilipo, tayari umepata sababu ya kushusha bei. Fungua mabomba yote nusu saa, uvute vyoo vyote, kisha urudi kwenye karo kuona kama maji yamepanda. Uliza kama karo limevutwa wiki hii. Lililovutwa jana halisemi kitu, rudi baada ya siku kumi. Njoo tena mvua ikinyesha ukiweza. Waulize wapangaji, si dalali.

Na uliza kuhusu mashimo ya zamani yaliyoachwa. Shimo lisilotumika huvutwa, hubomolewa kifuniko chake, hujazwa mchanga au kifusi kwa kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Nimeona chumba cha mpangaji kilichojengwa juu ya shimo lililofunikwa zege tu, na sakafu yake ikigongwa ilikuwa inalia kama ngoma.